Je, Yaliyopita si Ndwele?

Wahenga walinena: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Neno hili ni jema penye ugomvi wa majirani juu ya mpaka wa shamba. Lakini twaona hutumiwa hata pasipopasa.

Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa maji. Waliookoka walirudi makwao. Je, tuwaambie wasahau? Mtu hasahau kwa amri. Aliyenusurika majini aweza kukaa miaka mingi kwa amani, kisha usiku mmoja akaamka akitweta, akiutafuta mkono uliomponyoka. Huyo si mwoga, wala si mwenye imani haba. Mwili wake ungali katika zamu, kana kwamba maji bado yanapanda. Kwake yaliyopita ni ndwele kweli kweli, nayo yataka kugangwa.

Twakiri kwamba hata sisi mapadre tumekosa hapa. Mara ngapi tumemkatiza mfiwa kwa methali, kwa kuwa masikio yetu yamechoka! Matabibu wa maradhi ya namna hii hawaendi hivyo. Humwacha mgonjwa asimulie kwa kadiri awezavyo, wala hawamlazimishi. Na polepole mwili hujifunza kwamba hatari imekwisha. Kazi hiyo si ya siku moja.

Basi babu akiianza tena jioni habari ile ile ya ziwani, wajukuu wasimwambie, “Tumekwisha kuisikia.” Wasogeze viti, wakae.