Askari asiyejua kuondoka

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Katika Surat Adh-Dhaariyaat, Mwenyezi Mungu anatuelekeza kwenye ishara zake, zilizomo ardhini na zilizomo katika nafsi zetu wenyewe. Leo tuizingatie moja tu, ndogo isiyoonekana kwa macho.

Vijidudu vya maradhi vinapoingia mwilini, chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti huzaliana kwa wingi ili kupambana navyo. Maradhi yakishashindwa, sehemu kubwa ya jeshi hilo hufa. Haliuawi na adui, bali hufa kwa amri. Mojawapo ya njia za amri hiyo ni kipokezi kiitwacho Fas, kilichowekwa kwenye utando wa nje wa chembe mithili ya kengele ya mlangoni. Jeni yake ilipambanuliwa mwaka 1991 na mtaalamu wa Kijapani, Shigekazu Nagata, na wenzake. Chembe nyingine ikija na protini inayooana na kipokezi hicho, ujumbe hupita hadi ndani, na vimeng'enya viitwavyo kaspesi huamshwa kimoja baada ya kingine. Chembe huanza kukatwa kutoka ndani. Husinyaa, hugawanyika vipande vidogo, kisha huliwa na chembe za usafi, bila kuacha uvimbe wala usaha. Subhanallah!

Sasa tazameni kengele inapokuwa mbovu. Mwaka 1995 watafiti walithibitisha kuwa wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya Fas. Limfosaiti zao zilizomaliza kazi haziondoki. Tezi huvimba, wengu hukua, na kinga ile ile iliyowekwa imlinde mtoto hugeuka kushambulia damu yake.

Niliposoma habari hii niliona haya. Miaka kadhaa iliyopita niliteuliwa katika kamati ya muda ya msikiti mmoja, kazi yetu ikiwa ni kusimamia kesi ya kiwanja. Kesi ikaisha, kiwanja kikarudi, sisi tukabaki na funguo. Waumini walipotukumbusha kuwa muda umekwisha, tuliwaita vibaraka. Adui alikuwa ameshakwenda, nasi tukamtafuta miongoni mwetu. Mzee mmoja, aliyechangia kesi ile kwa mali yake, tulimzuia asizungumze baada ya swala ya Ijumaa. Akahama msikiti. Alifariki kabla sijamuomba radhi.

Ndugu zangu, Sayyidna Umar (r.a.) alipomvua Khalid bin Walid (r.a.) uamiri jeshi na kumpa Abu Ubayda (r.a.), Khalid alikuwa shujaa mwenye ushindi mkononi. Hakuligawa jeshi. Aliendelea kupigana chini ya amri ya mwenzake.

Chembe haina hiari, hutii. Sisi tumepewa hiari, na ndiyo maana tutaulizwa. Mwenye dhamana iliyokwisha muda, akabidhi funguo na hesabu leo, kisha arudi kwenye safu pamoja na wenzake. Na aliyemdhulumu mwenzake amwendee angali hai. Mimi nilichelewa.

Wabillahi tawfiq.