Mgonjwa Mahututi Akisema, Anayesema Ni Nani?

Katika miezi ya kwanza ya korona, madaktari huku na kule duniani walikutana na mgonjwa wa ajabu. Anaingia hospitalini kwa miguu yake, anapiga simu nyumbani, anauliza chai italetwa saa ngapi. Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kinaonyesha kwamba oksijeni katika damu yake imeshuka hadi asilimia 70. Mtu mwenye afya huwa na 95 au zaidi, na Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya 90 kuwa ugonjwa mkali. Mwenye 70 angetarajiwa awe anatweta, maneno yakimkatika kinywani. Huyu anasema yuko sawa, na akivalishwa barakoa ya oksijeni anaivua.

Maelezo ya kitabibu yalipatikana. Kinachomhimiza zaidi mtu avute pumzi kwa nguvu ni kurundikana kwa kaboni dioksidi, kuliko uhaba wa oksijeni wenyewe. Mapafu ya wagonjwa hawa yalikuwa bado yanaitoa kaboni dioksidi vizuri huku yakishindwa kuingiza oksijeni ya kutosha, basi ubongo haukupata habari za hatari. Utulivu wao ulikuwa sehemu ya ugonjwa.

Na hapo linazuka swali ambalo daktari peke yake hawezi kulimaliza. Ikiwa hata amani inayoonekana usoni mwa mtu yaweza kuwa kazi ya maradhi, maneno anayoyatamka akiwa katika hali hiyo ni ya nani?

Swali hili halikukaa mbali na Nakuru, nchini Kenya. Tarehe 26 Machi 2021, wimbi la tatu likipanda, Rais Uhuru Kenyatta alizifunga kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Ibada za kukutana ana kwa ana zilisimamishwa katika kaunti hizo, na amri hiyo haikuondolewa hadi tarehe 1 Mei. Aliyelazwa kwa korona katika hospitali kuu ya Nakuru, ile ambayo wazee bado wanaiita kwa jina lake la zamani, PGH, hakufikiwa kwa urahisi na mke, mchungaji wala imamu. Aliowaona ni watu waliojifunika kutoka utosini hadi vidoleni, wasio na nyuso, taa zikiwaka juu yake usiku na mchana.

Katika mazingira kama hayo akili huyumba. Utafiti uliochapishwa mapema mwaka 2021 katika jarida la tiba la Lancet Respiratory Medicine ulifuatilia wagonjwa 2,088 wa korona katika vyumba 69 vya wagonjwa mahututi, kwenye nchi 14. Zaidi ya nusu yao, asilimia 55, waliwahi kuweweseka: hawakujua walipo, walichanganya mchana na usiku, waliona visivyokuwapo. Wengine walikuwa na fujo, wakichomoa mirija. Wengine walinyamaza tu, na hao ndio rahisi kusahauliwa, kwa kuwa mgonjwa mkimya hamsumbui mtu. Dawa za usingizi za jamii ya midazolamu ziliongeza hatari hiyo. Waliotembelewa na jamaa zao, hata kwa simu ya video, hatari yao ilipungua kwa zaidi ya robo.

Mazigazi hayo hayatoki hewani. Akili huokota kilicho karibu nayo na kukishona na ilichokuja nacho. Muuguzi aliyevaa vazi jeupe huwa malaika kwa mmoja, jini kwa mwingine, mtekaji nyara kwa wa tatu. Sindano huwa sumu. Wagonjwa wengi waliopona, katika nchi mbalimbali, wamesimulia kwamba waliamini kabisa wametekwa na wanateswa, na wengine kumbukumbu hizo ziliwaandama kwa miezi baada ya kurudi nyumbani.

Nakuru ni mji unaojua habari za maono. Juu yake kuna Menengai, shimo la volkano lenye upana wa kilomita zipatazo 12 kwa 8, ambalo mapango yake yamekuwa mahali pa kufunga na kuomba kwa waumini wa madhehebu mengi. Watu hushinda humo kwa siku kadhaa bila chakula wakingoja kusemeshwa. Wenyeji nao wana hadithi zao, za waliopotea chini ya shimo na kuona wakulima wa ajabu wakilima na kuvuna mahali penye mawe matupu. Hata mitambo ya kuchimba mvuke, ambayo imekuwako tangu 2011, haijazifuta hadithi hizo.

Mwenye kupenda hoja za haraka atasema: basi jambo limekwisha. Aliyefunga pangoni sukari imemshuka, aliyeko wodini oksijeni imemshuka, na wote wawili wanaota. Mwanafalsafa Mmarekani William James aliijibu hoja ya namna hiyo tangu 1902, katika kitabu chake kuhusu aina za tajiriba za kidini. Aliwacheka waliodhani wamemmaliza Mtume Paulo kwa kusema kwamba alichokiona njiani kuelekea Dameski kilikuwa kifafa tu. Kila wazo la binadamu, likiwemo la mkana Mungu, lina hali fulani ya mwili nyuma yake. Kama chanzo cha kimwili kinabatilisha wazo, yatabatilika yote, pamoja na hilo la mpingaji. James alitaka jambo lipimwe kwa matunda yake katika maisha ya mtu. Paulo mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko wengi wanaomhubiri leo: akiwaandikia Wakorintho kuhusu mtu aliyenyakuliwa hadi mbingu ya tatu, anakiri kwamba hajui kama ilikuwa katika mwili au nje ya mwili.

James yuko sahihi, lakini jibu lake linatosha kwa maono tu. Katika Bonde la Ufa, maneno ya mgonjwa hubeba mambo mazito zaidi ya hayo. Kuna laana, na kuna shamba.

Miongoni mwa Wakikuyu, laana ya mzazi anayekufa, kirumi, huogopwa kuliko nyingine zote kwa sababu aliyeitamka hayupo tena kuiondoa. Wakalenjin nao wanajua uzito wa neno la mzee aliyekasirika. John Mbiti, aliyezaliwa Kitui na kuandika kitabu maarufu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969, alieleza kwamba aliyefariki karibuni bado ni mwanajamii, yuko karibu na walio hai na wanamkumbuka kwa jina. Kwa mtazamo huo, mama aliyelazwa akizungumza na marehemu dada yake hashangazi mtu, amekaribia mpaka. Lakini mama huyo huyo, saa tisa usiku, akimfukuza kitinda mimba wake kwa maneno makali akidhani ni mwizi, kijana ataishi vipi na maneno hayo?

Mila zenyewe zina jibu, kama zitasomwa vizuri. Laana inaogopwa kwa sababu inabeba nia ya mzazi aliyekosewa na anayejua amekosewa na nani. Asiyemtambua mwanawe hawezi kumlaani mwanawe; anayemlaani ni huyo mwizi aliye katika mazigazi. Kumtwika kijana mzigo huo maisha yake yote ni kumdhulumu, na ni kumdhulumu mama pia, kwa kumsingizia nia ambayo hakuwa nayo.

Kuhusu mali, sheria imejitahidi. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inaukubali wosia wa mdomo uliotolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi wanaofaa, mradi mtoaji afariki ndani ya miezi mitatu. Lakini inataka awe na akili timamu, na inataja wazi kwamba ugonjwa wa mwili pia unaweza kumfanya mtu asijue anachokifanya. Anayedai kwamba marehemu hakuwa timamu ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Fikihi ya Kiislamu inakwenda mbali zaidi: zawadi iliyotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wosia na haivuki theluthi ya mali, hata kama mtoaji alionekana mzima wa akili. Wanazuoni hao wa kale hawakuwa na kifaa cha kubana kidoleni. Walijua tu kwamba mtu aliye ukingoni si wa kuaminiwa kirahisi na wanaomzunguka kitandani, hasa wakiwa ndio warithi.

Hapa ndipo yule mgonjwa mtulivu wa mwanzo anapotusumbua. Kelele za anayeweweseka kila mtu anazitilia shaka. Anayetabasamu akiwa na oksijeni ya 70 na kusema amepata amani, hana haja ya mashine, anaaminika mara moja, na ikiwa familia ni ya maombi, amani hiyo hupokewa kama ishara. Yawezekana ni ishara kweli. Hakuna kipimo cha kulikanusha hilo. Ila haiwezi kuwa sababu ya kuzima oksijeni, kwa kuwa mtu huyo huyo hajaulizwa akiwa na pumzi ya kutosha.

Dawa ya fumbo hili ni ya kawaida mno kwa wapenda miujiza: aulizwe tena. Kuweweseka hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Asubuhi mtu anajua jina la mtoto wake, jioni hamjui. Kipimo kilichotungwa na daktari Wesley Ely na wenzake, na kuchapishwa mwaka 2001, hakihitaji hata umeme: mgonjwa husomewa herufi kumi na kuombwa abane mkono wa muuguzi kila asikiapo A. Akikosea mara nyingi, lolote alilosema dakika tano kabla linangoja. Neno linalorudiwa na mtu katika saa zake za uwazi, siku baada ya siku, ndilo lake, liwe ni ono, msamaha, karipio au ekari mbili za shamba huko Subukia.

Kuna waliorudi bila neno lolote. Mwandishi Mwingereza Michael Rosen alikaa siku 48 katika chumba cha wagonjwa mahututi mwaka 2020, nyingi kati yake akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Siku hizo hazimo kichwani mwake. Anazijua kwa sababu wauguzi walikuwa wakimwandikia katika daftari kando ya kitanda.

Wachungaji, maimamu na wenye familia za Nakuru wana la kufanya, na korona si sharti, kwa kuwa nimonia na malaria kali pia huwafanya watu waweweseke. Msimrekodi mgonjwa anayeweweseka kisha mkaisambaza sauti yake kwenye makundi ya simu. Msimpe maikrofoni ya ushuhuda wiki aliyotoka hospitalini. Mpeni miezi, naye aamue mwenyewe kama alichokiona ni cha kusimuliwa. Na saa ya kuwaona wagonjwa ikifika, nendeni, mmwite kwa jina lake, mmwambie leo ni siku gani na yuko wapi.