Nauli ya Asiyepanda

Nilipanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa sababu mwenyeji wangu alinikatalia basi. "Kaka, basi litakula siku yako nzima," akasema. Kweli, treni iliondoka taratibu, bila moshi wala kishindo, ikashika kilomita 160 kwa saa. Chini ya saa nne nilikuwa Dodoma, shati bado limenyooka.

Wivu ulinishika, sitaficha. Si sisi Wakenya tulitangulia? SGR yetu ya Mombasa na Nairobi ilianza kubeba abiria 2017. Lakini inakunywa dizeli, ilhali stima yetu nyingi inatoka kwa mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo. Nikampigia mamangu simu nimweleze. Mamangu anauza mitumba Makindu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo ya stima ikija huku, itasimama hapa?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Treni ya zamani, ile ya reli ya Mwingereza, ilikuwa na stesheni Makindu. SGR inapita tu. Ukitaka kuipanda, nenda Kibwezi. Mamangu hajawahi kuipanda hata siku moja. Lakini tangu 2013 bidhaa zinazoingia nchini hutozwa ushuru wa kujenga reli, na marobota ya mitumba hutoka ng'ambo. Ushuru hauishii bandarini. Unasafiri na robota hadi mezani pake, kwa bei.

Je, ni haki mtu kulipia safari asiyosafiri?

Jibu la haraka ni hapana, na ndilo nililotaka kuandika. Shida ni kwamba linanishtaki mimi mwenyewe. Nilisoma chuo cha umma miaka miwili kabla karo kunishinda. Kiti nilichokalia kililipiwa kwa sehemu na kodi ya watu ambao watoto wao hawakufika hata sekondari. Nilipanda kwa nauli yao, nikashukia njiani. Kama mamangu ameonewa, basi nao walionewa, na mwonevu mmojawapo ni mimi.

Lakini sidhani kosa liko kwa kulipia mwingine. Tufikirie harambee. Unachangia mtoto wa jirani aende chuo, wala hudai kukaa darasani naye. Ila jina lako linasomwa mbele ya watu, kiasi kinatangazwa, na pesa zikipotea kuna mtu wa kuuliza. Unatoa, na unahesabiwa. Hapo ndipo reli yetu iliteleza. Sehemu ya mikataba ya SGR iliwekwa hadharani Novemba 2022, zaidi ya miaka 5 baada ya treni kuanza. Waliochanga walikuwa washachanga kitambo.

Kwa hivyo siku tutakapotaka treni ya umeme, na naitaka kwa moyo wote, swali la kasi lije baadaye. Kwanza mkataba usomwe kabla ya kutiwa sahihi. Kando ya treni ya kukimbia iwepo ya kusimama, yenye nauli ya muuza mitumba. Na nyaya zikipita juu ya kijiji, kijiji hicho kisilale gizani. Hiyo si hisani kwa watu wa Makindu. Ni deni, kwa sababu ni wenye mali.

Nami nina deni langu. Wale walionilipia kiti sijawahi kuwapa hesabu yoyote, zaidi ya maandishi kama haya.

Nilimpigia mamangu tena, nikamwambia ukweli: "Sidhani itasimama, mama."

"Sawa," akasema. "Basi waniambie tu nimechanga ngapi."