Mwenye Deni Aliyekosa Kazi: Lipi Limpasalo, na Lipi Litupasalo Sisi

Alhamdulillahi. Ama baada ya hayo: katika mambo ambayo watu wa miji yetu huyaonea haya kuyataja, na haya hiyo ikazidi kuwaangamiza, ni deni. Mtu akishikwa na homa, jirani zake hujua siku ile ile. Akiwa na deni limpitalo kimo, huenda hata mkewe asijue. Tumependa leo kulizungumza deni la namna moja makhsusi, nalo ni la mtu aliyekopa akiwa ana mshahara, kwa nia njema ya kulipa, kisha kazi ikamtoka mkononi. Je, mtu huyu ana dhambi? Lipi la kwanza limpasalo? Na sisi tulio kando yake, tuna wajibu gani?

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, natutazame mahali. Itumbe i katika milima ya Kisii, mbali na pwani, lakini si mbali na sisi kama tudhaniavyo. Kuna kiwanda cha chai huko, na chai ya viwanda vya wakulima wadogo wa Kenya huletwa Mombasa kuuzwa katika mnada uliohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Wamo katika ndugu zetu wapatao riziki kwa kubeba magunia ya chai katika maghala ya Shimanzi na Changamwe, na kila gunia lina jasho la mtu wa bara asiyemjua.

Mashamba ya Kisii ni madogo, kwa kuwa baba huwagawia wanawe, nao huwagawia wana wao. Mwenye chai yake hulipwa kiasi kila mwezi, na lililobaki hulingoja katika bonasi ya mwaka. Kwa kuwa hayo hayatoshi, wengi tangu zamani wamekwenda Kericho kuchuma chai katika mashamba makubwa ya makampuni. Kisha zikaja mashine za kuchumia. Mashine moja hufanya kazi ya watu wengi, na mikono mingi ikawa haitakiwi tena. Mwezi wa Mei 2023 hasira zilifika hadi mashine zikatiwa moto huko Kericho. Lakini moto haukumrudishia mtu kazi yake.

Tuchukue, kwa mfano, mtu wa Itumbe aliyerejea kwao kwa sababu hiyo. Huenda si Mwislamu, lakini deni halichagui dini, na hali yake ni ile ile ya ndugu yetu wa Mombasa au Malindi aliyeachishwa kazi ya hoteli mwaka 2020, wageni walipokatika kwa ajili ya maradhi ya korona. Mtu huyu ana mkopo wa karo katika chama cha akiba na mikopo, ana deni la mbolea, ana daftari dukani, na ana mkopo katika simu. Mshahara ulipokatika, hakumwambia mtu. Alikopa mahali pa pili akalipa pa kwanza, akakopa pa tatu akalipa pa pili. Kwa majirani alikuwa mtu mwaminifu asiyechelewa. Kwa hakika alikuwa akizama.

Hesabu yake ni nyepesi. Mkopo wa M-Shwari, ulioanza Novemba 2012, ulitozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Mwenye kukopa shilingi 10,000 kwa ada hiyo, akawa kila mwezi analipa na kukopa upya, baada ya miezi 12 atakuwa ametoa shilingi 9,000 za ada, na zile 10,000 zingali shingoni mwake kama siku ya kwanza. Mwenye mshahara huweza kulivumilia jambo hili asilihisi. Asiye na mshahara humla nyama na mifupa. Wala hatuna haja hapa ya kurefusha maneno juu ya riba. Hukumu yake yajulikana, na madhara yake ni haya yaonekanayo kwa macho.

Sasa tuje katika jawabu. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni katika sala yake. Alipoulizwa sababu ya kujikinga nalo mno, alieleza kuwa mtu akielemewa na deni husema akasema uwongo, na huahidi akavunja ahadi. Tuizingatie sababu hiyo. Hakutaja njaa, wala nguo mbovu, wala kunyang'anywa mali. Alitaja ulimi. Maana yake ni kwamba msiba mkubwa wa deni ni kumharibu mtu ukweli wake, na ukweli ukishaharibika, hata fedha zikija haziurudishi upesi.

Kwa hivyo twasema: kukosa kazi si dhambi, na kushindwa kulipa kwa kukosa uwezo si dhambi. Dhulma ni ya mwenye uwezo anayechelewesha. Hata sheria ya Kenya inapambanua baina ya wawili hawa. Sheria ya mashauri ya madai, kifungu cha 38, haikubali mdaiwa wa fedha afungwe ila baada ya kupewa nafasi ya kujieleza, na mahakama kuridhika, kwa mfano, kuwa ataka kutoroka, au ameficha mali, au anao uwezo na amekataa kulipa. Ufukara peke yake si kosa.

Lakini ufukara uliofichwa huzaa makosa. La kwanza limpasalo aliyekosa kazi ni kusema, na aseme mapema, kabla ya mkopo wa pili. Amwambie mkewe, kwani yeye ndiye apangaye chakula cha nyumba. Awaambie wadai wake mmoja mmoja, kwa uso, kabla hawajaja kumtafuta. Kisha aandike madeni yote katika karatasi moja, nani na kiasi gani na lini. Sura ya Baqara, katika aya ya 282, imeamrisha deni liandikwe. Basi lisilotisha kuandikwa siku ya kukopa lisitishe siku ya kushindwa. Na akome kabisa kulipa mkopo kwa mkopo. Tena adai haki yake: kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, mwajiriwa aliyeondolewa kwa kuwa kazi yake haihitajiwi tena hustahiki malipo yasiyopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Wako wengi walioondoka mikono mitupu kwa kutojua.

Huenda mtu akasema: “Maneno haya ni mepesi kwenu. Nikisema nimekosa kazi, mwenye duka atafunga daftari, wadai watanirukia wote siku moja, na barazani nitakuwa mazungumzo.” Twakubali kuwa asemayo ni kweli, wala hatumlaumu kwa kuogopa. Lakini hapo ndipo lawama inapomtoka yeye ikatujia sisi. Ikiwa katika mji wetu msema kweli huadhibiwa na mwongo hupewa muhula mpaka agundulikane, basi ni sisi tunaowafundisha watu uwongo.

Wengi husimulia kisa cha maiti mwenye deni ambaye Mtume alisita kumsalia, na hukisimulia ili kuwatisha wadaiwa. Lakini hukisimulia nusu. Nusu ya pili ni kwamba sahaba Abu Qatada alisimama akalichukua deni lile juu yake, ndipo maiti akasaliwa. Waoneni wale waliohudhuria: hawakutawanyika wakimsengenya, bali alitokea mmoja wao akatoa.

Na wazi zaidi ni kisa kilichomo katika Sahihi Muslim, cha mtu aliyenunua matunda yakapatwa na maafa, deni lake likawa kubwa. Mtume kwanza aliwaamrisha watu wamtolee sadaka. Walitoa, isitoshe kulipa deni. Ndipo akawaambia wadai wachukue kilichopatikana, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Tutazame mpango wake: jamii ilitangulia kuchangia, kisha wadai wakabeba sehemu ya hasara. Hakuachiwa mtu mmoja mzigo wote, naye maafa hakuyaleta yeye. Na mashine za Kericho hakuzileta mchuma chai wa Itumbe.

Mwenye kudai naye ana haki. Mwenye duka ana watoto, na huenda bidhaa zake mwenyewe amezikopa. Lakini aya ya 280 ya sura ile ile imempa mdaiwa mwenye dhiki muhula mpaka wepesi wake, na imefanya kumsamehe kuwa bora zaidi. Ka'b bin Malik alipogombana na mdaiwa wake msikitini, Mtume alimwashiria apunguze nusu, naye alipokubali, mdaiwa akaamrishwa asimame alipe. Huo ndio uadilifu: huyu apunguze, na yule alipe kilichobaki bila ya hila. Ama wakopeshaji wa simu waliozoea kuwapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumfedhehi, hata kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 zimewakataza.

Na sisi tuliobaki? Wenye madeni wametajwa katika sura ya Tawba, aya ya 60, kuwa ni wastahiki wa zaka. Ni misikiti mingapi katika miji yetu iliyo na daftari la wadaiwa waliofilisika, likashikwa na watu wawili watatu waaminifu wasiotangaza siri? Arusi hukusanyiwa fedha kwa siku chache, na wengine huzikopa, ili watu wale wakatawanyike. Lau kiasi cha karamu moja kingewekwa kila mwaka kwa ajili ya aliyeachishwa kazi, ili karo ya wanawe ilipwe mwezi wa kwanza wa dhiki, asingeuendea mkopo wa pili, wala asingeujua ulimi wa uwongo.

Basi, ndugu zetu, mtu atakapowajia akasema, “Kazi imenitoka, nadaiwa, sina,” jueni kuwa amewaletea kitu kizito kumtoka mtu mzima. Msimuulize alikokuwa siku zote. Muulizeni anadaiwa kiasi gani, na nani.

Mwenyezi Mungu awalipie wenye madeni madeni yao, na atuwafikishe sisi kuwa sababu ya hilo. Amin.