Uso Umeumbwa na Haya

Mtu atakaye kazi humwendea mwenye kazi. Husimama mbele yake, hutaja haja yake, hungojea kuulizwa. Lakini yuko mwombaji atakaye kazi ya kuwaongoza wenzake, naye mara nyingi hudhani kwamba picha yake ukutani, kipaza sauti juu ya gari na ujumbe wa simu vyatosha kumwombea. Je, mgombea wa uongozi wa mtaa au kijiji ana wajibu wa kuonana uso kwa uso na wale anaowaomba kura?

Tuitazame Tanzania Bara. Huko wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji huchaguliwa kila baada ya miaka 5, na katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba, 2024, kampeni zilipewa siku 7. Siku hizo ni chache kwa nchi, bali kwa mtaa si chache. Mwenyekiti si mtu wa mbali. Kwake hutafutwa barua ya utambulisho. Kwake hupelekwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja, na malalamiko ya taka na mfereji ulioziba. Mambo haya ni nadra kutajwa jukwaani. Yamo vibarazani mwa watu. Mgombea asiyefika kibarazani huyajua kwa kusimuliwa, na aliyesimuliwa hajaona.

Faida ya pili ni kubwa zaidi. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Ahadi iliyotolewa mbele ya umati ni kama haina mwenyewe. Kila asikiaye hudhani aliyeahidiwa ni jirani yake. Ahadi iliyotolewa kwa mjane mmoja, mlangoni pake, ina mdai mwenye jina, naye atakutana na mdaiwa wake bombani, sokoni na msibani. Hapo ndipo ahadi huwa deni kweli.

Hata hivyo, haki yadai tuusikilize upande wa pili. Mlango upitishao mazungumzo hupitisha hongo pia. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilibadilishwa, ukarimu wa kimila wa mgombea, ulioitwa takrima, usihesabiwe kuwa rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivitangua vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba. Waliovitetea wangaliweza kusema kwamba mkono mtupu haulambwi. Lakini fukara aliyepokea kilo ya sukari amefungwa kinywa. Swali alilotaka kuuliza limekwisha kununuliwa. Na hata pasipo sukari, haya hukata pande zote mbili: mwenyeji humstahi mgeni, akatamka ndiyo asiyoikusudia.

Hoja hii ni nzito, lakini haivunji wajibu, yauwekea mpaka. Mpaka wenyewe ni sanduku la kura. Kenya, mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU, wapiga kura walipangwa mlolongo hadharani, kila mmoja nyuma ya amtakaye, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Hapo mambo yalipinduliwa: aliyetakiwa kuonyesha uso ni mpiga kura. Kanuni ya haki ni kinyume cha hayo. Mwombaji na aonekane. Mpaji na asitirike. Mgombea aje mchana, majirani wakisikia, mikono mitupu na masikio wazi. Kisha mwenyeji aliyemwitikia kwa adabu awe huru kumkataa kwa siri.

Basi tumpime mgombea kwa milango aliyobisha. Aliyepita nyumba za wampendao tu ametembea, hakuomba. Aliyebisha kwa asiyempenda, akaulizwa swali gumu, akakiri kuwa hana jibu, huyo ameonja uongozi kabla hajaupewa. Huenda akashindwa, na kushindwa huko hakutakuwa hasara tupu, maana ameondoka akiujua mtaa wake. Lakini aliyeshinda bila kuuona uso wa mtu, siku mtu huyo atakapomjia na mfereji wake ulioziba, atamtambuaje?