Jazba na Adabu Katika Mjadala wa Kuwepo kwa Mungu

Hudhaniwa mara nyingi kwamba mjadala kati ya muumini na mkana Mungu huharibiwa na jazba, yaani msukumo mkali wa moyo, na kwamba dawa yake ni kuwataka wahusika wapoe. Lakini dhana hiyo ni dhaifu, kwa kuwa anayeujua uzito wa swali la Mungu hawezi kulizungumza kama azungumzavyo bei ya mahindi. Kinachouharibu mjadala ni jazba inayoliacha swali na kumwandama mtu.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika mdahalo uliotangazwa na redio ya BBC nchini Uingereza mwaka 1948, kati ya Frederick Copleston, padri Mjesuiti, na mwanafalsafa Bertrand Russell. Russell alikuwa na sababu ya kuingia na kinyongo, maana mwaka 1940 mahakama ya New York ilibatilisha uteuzi wake wa kufundisha chuoni, baada ya askofu mmoja kuyapinga hadharani maandishi yake kuhusu dini na maadili. Hata hivyo, kabla ya kutoa hoja yoyote, Copleston alieleza anachokikusudia atamkapo neno Mungu, akataka kujua kama maana hiyo inakubalika, kisha akamuuliza mwenzake kama anadai kuwa kutokuwepo kwa Mungu kunaweza kuthibitishwa. Russell akajibu kwamba hadai hivyo, bali ni mwagnostiki, yaani mtu anayeshikilia kwamba jambo hilo halijathibitika upande wowote. Adabu ya mjadala imo humo hasa, katika kumwachia mpinzani aitaje imani yake, au kutoamini kwake, kwa kinywa chake mwenyewe.

Ukali haukukosekana. Copleston alipodai kwamba vitu vyote vya ulimwengu, ambavyo vingeweza kutokuwepo, vinahitaji chanzo kilichopo kwa lazima (hoja ambayo mwanafalsafa wa Kiislamu Ibn Sina aliijenga karne nyingi kabla), Russell alisema kwamba ulimwengu upo tu, basi. Naye padri akamfananisha anayelikataa swali lenyewe na mtu asiyetaka kuketi kwenye ubao wa sataranji, ambaye bila shaka hawezi kushindwa. Maneno hayo yanachoma, ila yanachoma msimamo, wala hayamgusi mtu.

Pagumu zaidi palikuwa kwenye maadili, kwa sababu Copleston aliitaja Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi iliyokombolewa miaka mitatu tu kabla, akauliza uovu wa mkuu wake unajulikanaje ikiwa wema na ubaya hupimwa kwa hisia. Alianza kwa kutambua kwamba Russell naye anauona kuwa uovu, ingawa ingekuwa rahisi kumpaka matope. Na Russell, badala ya kujificha nyuma ya hasira, alikiri kwamba hana uthibitisho wa kumpa mtu aonaye kinyume, kama vile asivyoweza kumthibitishia mgonjwa wa manjano kwamba vitu avionavyo si vya rangi hiyo.