Kutanguliza na Kunyamaza: Maadili na Mustakabali wa Kazi ya SEO, kwa Mfano wa Mikumi na Kilosa

Kazi ya kuifanya tovuti itokee mwanzoni mwa majibu ya injini za utafutaji kama Google, ambayo wenyewe huiita SEO, ina umri wa takriban miaka 30. Mwenye kazi hiyo si muuzaji wala mnunuzi. Anachoshughulikia ni mpangilio: nani aonekane kwanza, nani abaki ukurasa wa tano ambako hakuna anayefika. Swali la maadili ni kama kumtanguliza mtu mbele ya wenzake ni namna ya kumsemea. Ikiwa ndivyo, basi fundi huyo ana wajibu wa shahidi.

Mikumi inalionyesha swali hili waziwazi. Mji huo mdogo wa wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, unaitegemea sana barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, pamoja na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye eneo la kilomita za mraba 3,230. Watalii wengi huwa wameshachagua kampuni kwenye simu kabla hawajakanyaga Mikumi. Mwenye nyumba ya wageni pale mjini anaweza kuwa na vyumba safi na bei nafuu, lakini asipoonekana mtandaoni hapati mtu. Kumfanya aonekane ni huduma ya haki, kama ya dalali anayemkutanisha muuzaji na mnunuzi.

Fiqhi ya Kiislamu inaruhusu udalali, ila inakataza najashi, yaani mtu kupandisha dau bila nia ya kununua ili mwingine alipe zaidi. Sifa za kununuliwa zinazoandikwa na mtu ambaye hajawahi kulala katika hoteli anayoisifu ni najashi ya leo. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya adabu za biashara katika Ihya Ulum al-Din alimtaka mfanyabiashara asiisifu bidhaa kwa isichokuwa nacho wala asifiche kasoro yake. Ukurasa unaomwahidi mgeni wanyama wakubwa watano Mikumi unaanguka hapo. Simba, tembo, nyati na chui wapo, faru hayupo. Maneno hayo huwekwa kwa kuwa watu wanayatafuta, na matamanio ya mtafutaji yanageuzwa ahadi ya muuzaji.

Uongo wa wazi haubishaniwi sana. Kinachosumbua ni ukimya. Cicero, mwanafalsafa wa Kirumi, mwaka 44 kabla ya Kristo alisimulia kisa cha mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kisiwani Rodo wakati wa njaa, akijua kwamba meli nyingine za nafaka ziko njiani. Je, awaambie wanunuzi? Mwanafalsafa Diogenes wa Babeli alisema muuzaji anapaswa kutaja kasoro zile tu ambazo sheria inamtaka azitaje, na kwamba kunyamaza si sawa na kuficha. Mwanafunzi wake Antipater alisema lazima aseme. Cicero mwenyewe aliegemea upande wa Antipater. Mwanateolojia Thomas wa Akwino, karne ya 13, aligawanya mambo: kasoro iliyofichika ndani ya bidhaa ni lazima itajwe, habari kwamba bei itashuka kesho si lazima kwa haki, ingawa kuitaja ni wema zaidi.

Mgawanyo huo unaingia Mikumi bila kulazimishwa. Wakati wa masika, udongo mweusi wa bonde la Mkata, lililo hifadhini, hujaa maji hata Land Cruiser hukwama, na baadhi ya njia hazipitiki. Hiyo ni kasoro ya bidhaa, na ukurasa unaouza safari za mwezi Aprili bila kuitaja unadhulumu. Lakini barabara kuu hukatiza hifadhini kwa kilomita zipatazo 50, na abiria wa basi la Mbeya huweza kuwaona swala, twiga, pengine na tembo, kupitia dirishani bila kulipa kiingilio. Je, muuza safari alazimike kulitaja hilo? Kwa Akwino, hapana. Hizo ndizo meli zilizo njiani.

Teknolojia mpya inaibadilisha hesabu hiyo. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na Mei 2024 Google ilianza nchini Marekani kuweka muhtasari ulioandikwa na akili bandia juu ya orodha ya kurasa. Utetezi wa Diogenes ulikuwa na nguvu pale mnunuzi alipoweza kuuliza kwingine: ukurasa mmoja ukinyamaza, wa pili huenda ukasema. Jibu likiwa moja, na wengi wakiishia hapo, kilichoachwa nje ya jibu hakisemwi na yeyote. Kunyamaza kunakuwa kuficha hasa, na hoja ya Antipater inapata uzito ambao haikuwa nao zamani.

Kwa hiyo ile sehemu ya kazi iliyokuwa ya kurundika maneno yanayotafutwa inakufa, maana mashine yenyewe huandika kurasa za namna hiyo kwa dakika. Inayobaki ni ya kujua mambo yalivyo na kuyaandika kwa tarehe na kwa usahihi. Treni ya reli mpya ya kisasa, SGR, ilianza safari mwaka 2024, na Kilosa ina stesheni; kurasa za kabla ya hapo haziwezi kumwelekeza mgeni kushuka huko na kuendelea kwa gari hadi Mikumi. Kwa Kiswahili kurasa zinazoeleza mambo kama haya bado ni chache, hivyo moja yenye makosa huweza kupotosha jibu zima. Anayeijua njia hiyo leo yuko Kilosa, si katika ofisi ya matangazo ya mbali.

Ugumu uliobaki ni wa riziki. Fundi huyu, aliye shahidi, alilipwa kwa sababu watu walifungua ukurasa. Wakiridhika na muhtasari, mlipaji hupungua. Kampuni zitaendelea kulipa, lakini kwa habari zinazozifaa. Habari za njia zilizofungwa, viingilio na usafiri wa kutoka stesheni ni mali ya wote, na ni haki zigharimiwe na umma, kupitia TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na halmashauri ya wilaya, ambazo watumishi wake wako karibu na njia hizo. Fundi wa SEO ana ujuzi wa kuzipanga ili msomaji na mashine wazielewe vilevile.